Kipande Kilichobaki Murungu

Jirani yangu hakuvumilia neno "mdudu". Ukimwambia kuna mdudu kwenye unga, alikuuliza mdudu gani. Ukisema hujui, alikuja na miwani yake, akachota unga kiganjani, akamgeuzageuza yule maskini kwa njiti ya kiberiti mpaka ampate kwa jina, la Kiswahili na la kitabuni. Hapo ndipo alipokuruhusu kuchekecha. Unga wenyewe ulikuwa wangu, na maji ya ugali yalikuwa yameshachemka.

Tuliishi ukuta kwa ukuta kwenye nyumba za walimu hapa Kibondo, yeye akifundisha Baiolojia na mimi Kiswahili. Nitamwita jirani kwa sababu ndivyo tulivyoitana, mbele ya wanafunzi na hata wodini. Alikuja kwa barua ya kupangiwa kazi akitokea Upareni, akiwa na nia ya kukaa kidogo kisha aombe uhamisho. Badala yake akaolewa na mwanaume wa kijiji cha Murungu, akafiwa naye, na akabaki. Watoto hawakujaliwa. Nilipomuuliza kwa nini harudi kwao alisema huko kwao hakuna aliyebaki anayejua anapenda chai ya namna gani.

Darasani kwake kusema "sijui" na kunyamaza lilikuwa kosa. Mwanafunzi alitakiwa kusema, "Sijui, ngoja niangalie," kisha anyanyuke kweli akaangalie, kwenye kitabu, kwenye hadubini, au nje kwenye mti wenyewe. Shule nzima ikaambukizwa. Mkuu wa shule aliwahi kuulizwa kwenye kikao cha wazazi choo cha wasichana kitakwisha lini, akajibu, "Sijui, ngoja niangalie," na akatoka nje. Hakurudi, lakini hilo halikuwa kosa la jirani.

Na bado alikuwa na mambo yake yasiyolingana. Mtu huyu aliyejua jina la kila gugu la bonde letu, kuku wake wote waliitwa "wewe". Kiha, lugha ya hapa, hakukijua. Miaka yote aliyokaa hapa alishika salamu moja tu, "mwakeye", ambayo ni ya asubuhi, na aliitumia kutwa nzima. Wanawake wa sokoni walimwitikia jioni kwa heshima zote, wakamwacha apite, ndipo wakacheka. Nilimwambia mara nyingi. Alinijibu kuwa salamu ni nia, na nia yake haina asubuhi wala jioni. Kwenye Baiolojia asingekubali jibu la namna hiyo hata kwa mtoto wa kidato cha kwanza.

Kanisani aliimba sauti ya pili, kwa nguvu na vibaya. Mchungaji aliwahi kumwomba kwa upole apumzishe koo, naye akamwambia koo halijachoka. Aliamini Mungu bila wasiwasi wowote, ila hakupenda maombi ya jumla jumla. Mtu akiomba "Bwana uwaponye wagonjwa wote", yeye alinong'ona pembeni yangu, "Wagonjwa gani? Wa nini?" Nilikuwa namfinya paja anyamaze.

Maabara ya shule ndiyo ilikuwa nyumba yake hasa. Ilikuwa na rafu ndefu ya chupa za kioo, na ndani ya chupa, kwenye dawa ya kuhifadhia, kulikuwa na vyura, nyoka wa kijani, minyoo ya ng'ombe, na kitoto cha mbuzi ambacho hakikuzaliwa, kimejikunja kimefumba macho. Kila chupa ilikuwa na karatasi yake, kwa mwandiko wake uliosimama wima. Wazazi walimwita mwalimu wa chupa. Wanafunzi wageni hawakuingia mle peke yao, na wasichana wa bweni walipotishana usiku walitishana kwa kile kitoto cha mbuzi.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa mkulima huko Murungu, mtu wa mihogo na maharage. Ukimwazima shemeji jembe, hulirudisha limeoshwa na limenolewa. Kila alipokuja mjini alimpitia mke wa kaka yake na mkungu wa ndizi, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, akauliza kama bati linavuja, akaondoka. Siku moja hakumkuta nyumbani, akamfuata maabara. Mimi nilikuwa mle naazima mkasi. Alifika kizingitini, akaiona ile rafu, akarudi nyuma hatua nzima.

"Ingia, shemeji, hawaumi," jirani akamwambia.

"Shemeji, hawa mtawazika lini?"

"Hawazikwi hawa. Wanatazamwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watu wachoke kujifunza. Na wewe siku yako ikifika nitakuweka pale mwisho wa rafu, nafasi ipo."

Jirani alicheka mpaka akashika meza. Mimi pia nilicheka. Shemeji aliuweka mkungu wake chini palepale nje, akaaga, na tangu siku hiyo hakuukanyaga tena uwanja wa maabara. Mzaha ule tuliurudia mara nyingi, tukimwigiza anavyorudi nyuma.

Kila muhula jirani aliwafungia wasichana darasani, madirisha yakafunikwa kwa kanga, akawafundisha kujipima matiti. Hakuwa na haya hata chembe. Alipoupata uvimbe wa kwake hakuniambia. Nilikuja kujua kwa kuwa nilimwona anabeba ndoo kwa mkono mmoja tu. Nikamuuliza tangu lini, akasema tangu muhula uliopita.

"Na umekaa kimya?"

"Nilikuwa nauangalia unakwenda wapi."

Nilimfokea siku ile mbele ya kuku wake. Nilimwambia uvimbe si chura. Alikaa kwenye kigoda chake akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ninapokasirika Kiswahili changu kinakuwa kizuri sana, kwa nini siandiki.

Alipasuliwa hospitali ya Kasulu, na daktari mpasuaji aliyekuwa amekuja kwa muda. Titi la kushoto liliondolewa lote. Mimi ndiye niliyemuuguza. Sasa, kuna utaratibu ambao mtu wa mjini huenda haujui. Kipande cha kupimwa hakikupelekwa kwa gari la hospitali. Alipewa ndugu. Kinatiwa kwenye chupa yenye dawa, kinafungwa, na ndugu anapanda nacho basi mpaka Mwanza, kwenye maabara ya kusoma nyama za watu. Jirani hakuziamini chupa za wengine. Aliingia wodini na chupa yake ya shule, ya mfuniko usiovuja, karatasi ameshaibandika na jina lake ameshaliandika. Na wa kuipeleka tulimjua bila kujadiliana. Shemeji aliipokea kwa mikono miwili, akaizungushia kitenge, akatoka nayo kifuani kama mtu aliyebeba kichanga.

Kitanda cha pili alilala mama mmoja wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Mkongomani, mchuuzi wa vitenge, naye ametolewa titi. Alimuuliza jirani, "Mwalimu, docteur anasemaka ya kwako iko ya namna gani?"

"Bado. Tunasubiri Mwanza."

"Ya kwangu balisema iko ya ile mubaya. Lakini ni muzuri kujua, hein. Unamujua mwenye anakupiga."

Jirani alimpenda mwanamke yule papo hapo. Maneno yale aliyatembeza miaka yote iliyofuata. Aliyasema kwenye kikao cha walimu, mbele ya mkaguzi wa elimu, hata kwa fundi aliyekuja kutengeneza redio.

Shemeji alirudi, akasema ameshaifikisha. Majibu hayakuja. Tukapiga simu, tukaambiwa haijaonekana. Tukasubiri, tukapiga tena, tukajibiwa vilevile, na yule daktari mpasuaji akawa ameshaondoka. Aliyefuata alimtazama jirani, akatazama faili tupu, akamwanzishia vidonge vya kuzuia homoni, kwa maelezo kwamba wagonjwa wengi huwa wa aina hiyo.

"Wengi," jirani alikuwa akirudia njiani tukirudi Kibondo, kama mtu anayetafuna kokoto kwenye wali. "Mimi nilienda pale peke yangu, jirani. Hao wengi wametoka wapi?"

Lakini vidonge alivimeza. Kila asubuhi na chai yake, na kila asubuhi aliwatukana watu wa Mwanza. Watu wa Mwanza walipoteza chupa yake. Watu wa Mwanza hawana utaratibu. Redio ikitangaza mvua imebomoa kitu Mwanza, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuwahi kumfikiria mtu mwingine, wala mimi sikumfikiria. Mtu anayerudisha jembe limenolewa unamshuku kwa lipi?

Na jirani alikuwa mzima. Lazima niseme hivyo, kwa sababu miaka ile ilikuwepo kweli. Alifundisha, alifuga, aliimba vibaya. Alinifundisha hata mimi ugonjwa wake, nikiwa nachambua maharage kwenye ungo. Alichukua punje chache akazipanga pembeni, za njano, nyekundu, na zile zenye madoadoa.

"Wewe unaita maharage," akasema. "Ukienda dukani unaomba maharage. Lakini haya ya njano yanaiva upesi. Haya mekundu ukiyapika muda uleule unayala mabichi. Kansa ya titi nayo ni jina la gunia. Ndani mna aina aina. Kuna inayolishwa na homoni. Kuna iliyojaa protini fulani inayozikimbiza seli zizaliane, na hiyo ina dawa yake kabisa. Kuna isiyo na hili wala lile. Siku hizi wanaingia ndani zaidi, wanasoma vinasaba vya uvimbe wenyewe waone ni kipi kilichoharibika, halafu wanatafuta dawa ya hicho."

"Na ya kwako?"

"Ya kwangu inapikwa tu. Hakuna aliyefungua gunia akatazama."

Ugonjwa ulirudi kupitia mgongoni. Alidhani ni kuinama bustanini. Alikunywa dawa za maumivu, akajikanda, akakataa gari akitaka kutembea, mpaka siku aliyoshindwa kunyanyuka kwenye kiti chumba cha walimu, na sote tukajifanya hatukuona mpaka alipotuambia tuache ujinga tumsaidie. Tulikwenda Mwanza, yeye na mimi. Picha zikaonyesha mifupa ya uti wa mgongo na nyonga imeshaliwa, na vidoa kwenye ini.

Daktari wa Mwanza alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya taratibu. Alimwita jirani "mwalimu" na hakumdanganya, na kwa hilo tu jirani alimpa alama zote. Alimwambia ugonjwa ukishatembea namna ile hauondoki. Kinachotafutwa ni muda, na muda mzuri.

"Dawa zipo kuliko zamani," akasema. "Ila kila moja ina mgonjwa wake. Nikikupa isiyokufaa itakuchosha bure na ugonjwa utaendelea. Ndiyo maana nauliza, mwalimu, ule wa kwanza ulikuwa aina gani?"

"Nyinyi ndio mngeniambia," jirani akamjibu. "Nyinyi mlipoteza chupa yangu."

Walitoa kipande kipya kwenye mfupa wa nyonga, kwa kuwa vidoa vya ini vilikaa pabaya na damu yake ilikuwa haigandi vizuri. Tulisubiri. Kilichokuja kilikuwa nusu ya jibu. Mfupa ni mgumu, lazima ulainishwe kwa asidi ndipo ukatike vipande vyembamba vya kutazama, na asidi ile inaharibu kilekile kinachotakiwa kusomwa. Waliona ni kansa ya titi. Aina yake haikusomeka, na vinasaba havikusomeka kabisa. Nchi za wenzetu wanasoma hata kwenye damu, daktari alisema, lakini hapa kipimo hicho alikuwa hana. Jirani alisikiliza yote haya kwa makini mno, kama vile ni mgonjwa mwingine, na akauliza asidi gani.

Kisha daktari akasema neno lililomfufua. Vipande vya zamani hugandishwa kwenye nta na kutunzwa kabatini kwa miaka. Kama kile cha kwanza kilifika, hata kama majibu yalipotea, huenda nta yake bado ipo. Wangekipima upya leo.

Nimemwona jirani akifurahi mara nyingi, lakini sijamwona vile. Alitembea kwenye korido ile mbele yangu, na mgongo wake ule. Aliniambia, "Niko kwenye nta, jirani. Niko kabatini nawasubiri." Maabara walitafuta kwa moyo mmoja. Mzee mmoja mpokeaji, aliyekaa pale tangu enzi, alitafuta jina, akatafuta mwaka, akatafuta mwaka wa mbele na wa nyuma, akarudi amevua miwani.

"Mwalimu, hiki hakikuwahi kuingia humu."

"Mlikipoteza."

"Kinachopotea hapa kwanza huwa kimepokelewa. Nani alikileta?"

Hakuna aliyekuwa ametuuliza swali hilo miaka yote. Jirani alinigeukia, akanitazama. Njia nzima ya kurudi Kibondo hakuwatukana watu wa Mwanza hata mara moja.

Alimpigia shemeji simu mwenyewe. Shemeji alisikiliza, akasema, "Nakuja." Asubuhi yake alikuja, safari hii bila ndizi. Alikaa kwenye kiti chake cha karibu na mlango, mfuko wa rambo magotini, kofia juu ya mfuko.

"Shemeji, ile chupa sikuifikisha," akasema. "Nilikudanganya."

Jirani alikuwa amelala ubavu kwenye mkeka, mito imemkinga mgongo. Akamwambia aendelee.

"Basi lilitoka Kasulu likafika hapa Kibondo, likasimama watu wale. Kondakta akaniambia mzigo uende chini kwenye buti, unanuka dawa. Nikamwambia huu si mzigo. Akasema humu kisicho abiria ni mzigo. Basi nikashuka."

"Ukaenda wapi?"

"Nyumbani Murungu. Nikakuzika."

Nilisimama. Sijui nilitaka kufanya nini, labda kumpiga. Jirani alinyoosha mkono bila kunitazama, akanionyesha nikae.

"Nilifikiri watakuweka kwenye rafu," shemeji akasema. "Kama kile kitoto cha mbuzi. Watu wawe wanapita wanakutazama. Mke wa kaka yangu, shemeji. Wewe mwenyewe ulinambia hawazikwi. Nikasema hapana, huyu ana kwao. Nikakuweka karibu na kaka."

Kisha jirani akauliza, na sauti yake ilikuwa imebadilika, ilikuwa sauti ya maabara, "Ulizika na chupa yake?"

Nilimwelewa papo hapo. Dawa ile inahifadhi. Kama chupa ilikuwa chini ya udongo, na mfuniko wake wa shule usiovuja, basi kwa akili ya jirani kipande bado kipo, na jembe lipo. Najua sasa kwamba hata hivyo kisingefaa, muda ulishapita mno. Lakini asubuhi ile nilikuwa tayari kwenda kuchimba kwa mikono.

Shemeji alifungua mfuko wa rambo, akatoa chupa, akaiweka juu ya meza. Ilikuwa imeoshwa mpaka inang'aa. Karatasi ya mwandiko wa jirani ilikuwa bado imeshika, imefifia tu.

"Mtu hazikwi ndani ya chupa," akasema taratibu. "Nilikutoa. Nikakuosha kwa maji safi, nikakufunga kwenye shuka jeupe. Chupa ni ya shule, nikasema nitairudisha. Lakini ningeirudisha ungeniuliza."

"Ego," jirani akasema. Sikuwahi kujua kwamba analijua neno hilo, ndiyo ya Kiha. Labda ndilo pekee lililokuwa karibu.

Mimi ndiye niliyemuuliza kwa nini hakusema baadaye, tulipokuwa tunahangaika na simu. Alinitazama kwa macho mekundu. "Mama mwalimu, nilimwona anapona. Nikasema basi, Mungu ameelewa."

"Ulichimba kina gani?" jirani akamuuliza.

"Kufika kiunoni."

"Vizuri. Mbwa wa Murungu nawajua."

Alimwambia anywe chai. Akanywa. Akauliza kama bati linavuja, akaambiwa halivuji, akaondoka. Jirani alingoja mpaka hatua zake zimepotea barabarani ndipo akalia, na kulia kulimuumiza mgongo, na maumivu yakamfanya alie zaidi. "Nilimtisha mwenyewe," akawa anasema. "Na vyura wangu. Nilimtisha mwenyewe nikacheka." Nilimshika kichwa. Sikumsamehe shemeji siku ile na sina hakika kama nimemsamehe leo. Nimeshaambiwa yote ya kuniliwaza. Huenda kipande kingefika na kisisomeke. Huenda kingesomeka na dawa yake isiwepo nchini. Huenda ndiyo ilikuwa aina ya vidonge vilevile. Yote nayajua, ila hakuna hata moja tunaloweza kuliangalia, na yeye alikuwa mtu wa kuangalia.

Chupa aliniagiza niirudishe maabara, kwenye nafasi yake, kwa kuwa ilikuwa mali ya shule.

Daktari wa Mwanza alimpa dawa ya kuingizwa kwenye mishipa, akimweleza waziwazi kwamba anabahatisha. Jirani aliipokea. Nywele ziliondoka, chakula kikageuka udongo mdomoni, vidole vikafa ganzi hata chaki ikawa inamponyoka. Vidoa vya ini viliongezeka. Alirudi kutoka Mwanza mara ya mwisho akaniambia amemwambia daktari inatosha, na kwamba binti yule amelia kidogo na yeye ndiye aliyembembeleza. Kuanzia hapo ikawa ni dawa za maumivu tu, na kuku, na mimi kumsomea magazeti ambayo alisahihisha habari zake za sayansi kwa macho yaliyofumbwa. Watu wa kanisa walikuja kumwombea. Hakuwauliza tena ugonjwa gani.

Ndipo akaniomba nimpeleke Murungu. Tulikodi gari dogo, tukalaza kiti, tukajaza mito. Ilikuwa baada ya mvua, watu wako mashambani wanavuna maharage. Njiani alisalimia kila mwanamke aliyempita, "Mwakeye", na ilikuwa imeshapita adhuhuri, na waliitikia.

Shemeji alitupokea amevaa shati la kanisani. Makaburi ya kwao yako nyuma ya migomba. La mumewe lina saruji. Pembeni yake, kwenye udongo uliofagiliwa, palikuwa na kijituta kidogo kilichozungushiwa mawe, cha kimo cha mtoto mchanga. Mawe yalikuwa yamepakwa chokaa, na chokaa ilikuwa ya juzi. Nikatambua kwamba miaka yote ile, wakati sisi tunawatukana watu wa Mwanza, mtu huyu alikuwa anafagia hapa.

Jirani alisimama amenishika bega. Alitazama kaburi la mumewe, akatazama kijituta, akapima kwa macho nafasi iliyo katikati.

"Mtanibana hapa," akasema.

"Tutasogeza mawe, shemeji," yule bwana akajibu. Hakuwa anatania, na jirani naye hakuwa anatania. Kaka zake wa Upareni walikuwa wameshaanza kuulizia watamsafirishaje, na nilijua pale pale kwamba nitakuwa mimi wa kuwaambia kwamba atazikwa hapa.

Hakuna aliyeomba wala kuimba. Upepo ulipita kwenye migomba. Mgongo ulikuwa unamuuma, nililisikia hilo kwenye vidole vyake begani kwangu, lakini hakutaka kiti.

Juu ya kile kijituta, katikati, palikuwa na mmea mmoja mdogo, majani yenye manyoya kidogo na maua madogo ya zambarau. Kila kingine kilikuwa kimepaliliwa. Shemeji alimwona akiutazama.

"Huo ulijiotea wenyewe," akasema. "Nikashindwa kuung'oa. Unaitwaje, mwalimu?"

Hakuwahi kumwita mwalimu. Nadhani alitaka kumpa kitu, na hicho ndicho alichokuwa nacho, swali.

Jirani aliutazama ule mmea. "Sijui," akasema.

Nikangoja. Nilijua yanayofuata, watoto wote wa shule ile wanayajua. Alipokaa kimya nilidhani ni kwa sababu hawezi kuinama, nikainama mimi, nikanyoosha mkono nimchumie jani, miwani yake nilikuwa nayo mkobani. Vidole vyake vikanikaza bega.

"Uache, jirani," akasema. "Twende nyumbani, nimechoka."